Fundi Tofazzal Amestaafu, na Safari Hii ni Kweli

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuhudumu kama fundi wa injini na umeme katika Pankouri, boti yetu ya zahanati, Fundi Tofazzal Prodhan amestaafu rasmi tarehe 13 Aprili, siku ya mwisho ya Choitro, mwezi wa kufunga mwaka wa Kibengali. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba tumekwisha kuitangaza habari hii mara mbili, na mara zote mbili tukaaibika. Safari hii ni kweli. Mwandishi wenu alikuwepo na ameona, na atakayebisha aje amuulize Shemeji Sobura, mke wa Fundi, kama anathubutu.

Fundi alizaliwa Char Batashpur, kisiwa cha mchanga ambacho mto Jamuna uliamua kukimeza kabla yeye hajaota ndevu. Alianza kazi kwenye mashamba ya mpunga, akitunza zile injini za pampu ambazo kiangazi humwagilia maji na masika hufungwa kwenye mitumbwi. Kwa hiyo alijifunza mapema kwamba injini ni injini, iwe shambani au majini, na kwamba zote zina kiburi. Pankouri iliponunuliwa, ikiwa boti kuukuu iliyokuwa ikibeba juti, waliletwa mafundi wanne kuiangalia. Watatu walisema itupwe. Tofazzal aliingia tumboni mwake, akakaa huko hadi chakula cha mchana kikapoa, akatoka mweusi kama sufuria na kusema, "Itakwenda. Lakini asiiguse mtu mwingine." Sentensi ile ya pili ndiyo iliyotusumbua miaka yote iliyofuata.

Kwa wenzetu wa makao makuu wasiowahi kupanda boti yetu, kazi yake ni hii. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha altaneta, na altaneta inazichaji betri zilizopangwa chini ya benchi la wagonjwa. Betri hizo ndizo zinazoendesha friji ya chanjo, taa za chumba cha kujifungulia, na mashine ya kuwanyonya watoto wachanga makamasi. Huko visiwani tunakokwenda hakuna nguzo hata moja ya umeme. Injini ikienda, betri zinakula. Injini ikizimwa, friji inazila betri. Mtu anayehakikisha kwamba betri zinakula kuliko zinavyoliwa ndiye aliyeshika roho ya zahanati nzima, na Fundi hakukubali hata siku moja tulisahau hilo.

Si mnyenyekevu, na hatutamsingizia unyenyekevu leo kwa kuwa anaondoka. Kipimo cha chaji kilipovunjika, miaka mingi iliyopita, alikataa katakata kinunuliwe kingine. "Masikio yangu hayana kioo cha kupasuka," alisema. Badala yake alishika bisibisi ndefu, ncha moja kwenye altaneta na mpini sikioni, akafumba macho. Kisha alikuwa akitangaza, "Inachaji vizuri," au, "Mkanda umelegea kidogo," na kweli ukiubonyeza unaukuta umelegea. Abiria walikuwa wanadhani anaongea na jini. Mwaka wa mafuriko makubwa, brashi za altaneta zilipokwisha na ghati zote, zile bandari ndogo za mtoni, zikiwa zimezama, alivunja betri za tochi, akatoa vile vijiti vya makaa vya ndani, akavichonga kwa tupa vikawa brashi. Usiku na mchana tulihudumia watu juu ya mapaa ya nyumba zao, na taa hazikuzimika. Watoto waliozaliwa kwenye boti wiki ile sasa wanaota ndevu, na wawili wao wanaitwa Tofazzal. Yeye husema ni watatu.

Halafu kuna swichi kuu. Ni nyekundu, kubwa kama kisahani cha chai, iko ukutani kando ya mlango wa injini, na kazi yake ni kuzikata betri zote kwa mkupuo mmoja. Fundi aliilinda kuliko dada mwenye wivu anavyomlinda kaka yake. Mgeni mmoja mheshimiwa kutoka Dhaka aliyenyoosha mkono kutundika mwavuli wake juu yake alipigwa kofi la mkononi mbele ya wauguzi wote. Ukimuuliza kwa nini, jibu ni, "Kwa sababu nimesema." Kuuliza si ujinga, wanasema watu, lakini kwa Fundi kulikuwa utovu wa adabu.

Sababu ya kustaafu si uzee. Ni sikio. Miaka ishirini na saba kando ya dizeli imelimaliza sikio lake la kushoto, na daktari wetu alimwambia wazi kwamba la kulia liko njiani. Akashauriwa avae vizibo. Akacheka: atavaaje vizibo fundi ambaye kipimo chake ni masikio? Ndipo Shemeji Sobura alipopanda boti, mwavuli mkononi, akasimama mbele yetu sote.

"Injini imeshakula sikio moja," alimwambia mumewe. "Hilo lililobaki ni langu. Nitagombana na nani nikiwa mzee?"

"Tutagombana kwa mikono," alijibu Fundi.

"Kwa mikono utanishinda. Kwa mdomo hujawahi. Teremka."

Ustaafu wa kwanza ulidumu mpaka tulipofungua kamba. Tulimvika shada la maua, tukampa shali na chungu cha maziwa ya mgando ya Bogura, tukamwacha ghatini akipunga mkono. Boti ilipoanza kurudi nyuma, alikunja uso, akainamisha kichwa upande wa sikio zima, akapiga kelele, "Mkanda!" Nahodha wetu Mokbul alidhani anatuaga, naye akampungia. Fundi alivua viatu, akaturukia na shada lake shingoni, akazama hadi kifuani, akapanda kwa ngazi ya nyuma. Mkanda ulikuwa umelegea kweli. Alikaa mwaka mzima zaidi. Maziwa ya mgando aliyala Shemeji peke yake, kwa hasira, na anasema yalikuwa matamu.

Mara ya pili tulijiandaa. Aliajiriwa Nibaron Das, mtu wa makamo aliyekuwa akitengeneza umeme wa mabasi Bogura, mpole, mwenye mikono safi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Fundi alikaa naye mwezi mzima kumfundisha. Mafundisho yenyewe yalikuwa hivi: hiki usiguse, kile usiguse, hii nyekundu ukiigusa nitakuzika kisiwani. Kisha akavikwa shada la pili, akaenda nyumbani, nasi tukatangaza kwenye jarida.

Sasa, kila mtu wa mto huu anajua kwamba chombo kinachoteremka chini ya kaburi la walii wetu, Pir Gohor Shah, hupita kimya. Pir amelala pale juu ya ukingo, na anayemwamsha hukuta mchanga chini ya boti yake. Waislamu kwa Wahindu wote hunyamaza. Injini huzimwa, tunateremka na maji kwa upondo, hata mbuzi wanaopelekwa mnadani hushikwa midomo. Kwa miaka yote, aliyeinyamazisha Pankouri alikuwa Fundi mwenyewe: kwanza anavuta wenzo wa kuzima injini, kisha redio kwa kitufe chake, kisha feni moja baada ya nyingine. Tulidhani anazunguka tu kwa udhia wa kizee.

Wiki ya pili ya Nibaron tulikuwa tunateremka kutoka visiwani, redio ya sitaha ikitangaza kriketi, feni zote zinavuma, watoto wa wagonjwa wanalia. Nahodha Mokbul aliliona kaburi ghafla, maana mto ulikuwa umehama tena.

"Zima!" alifoka. "Zima kelele zote, tumeshafika kwa Pir!"

Nibaron ni Mhindu na alitaka watu waone kwamba anamheshimu Pir kuliko sisi wenyewe. Alitafuta njia ya haraka ya kuzima kila kitu. Ilikuwepo moja, nyekundu, kubwa kama kisahani cha chai. Akaizungusha, injini ikiwa bado inanguruma, na ndipo akauvuta wenzo. Kimya kikashuka. Nahodha alimpa dole gumba. Tukapita salama, tukawasha tena, taa zikawaka, na hakuna aliyejua kwamba altaneta ilikuwa imeshakufa. Kipimo cha kutuambia hatukuwa nacho. Kipimo chetu kilikuwa nyumbani kwake kinakula samaki.

Betri zilijitahidi mpaka kesho yake jioni. Nilipofungua friji, mimi ninayeilinda, niliona taa yake ya kijani imekuwa njano, na moyo wangu ukanishuka hadi kwenye kandambili. Ndani kulikuwa na chanjo za visiwa vyote vya kaskazini. Tuliziokoa kwa barafu ya wauza samaki wa ghati, tukazipanga kwenye masanduku ya baridi na kuyafunika kwa magunia, nami nikiangalia kipimajoto kama mama anayemwangalia mtoto mwenye homa. Hakuna hata chupa moja iliyoharibika. Masanduku yananuka samaki hadi leo, na kina mama wa visiwani wananiuliza kama ninachoma sindano au nauza ilishi.

Fundi aliitwa. Alikuja na bisibisi yake mkononi, nadhani alikuwa amelala nayo. Akasikiliza kidogo tu.

"Imekufa. Nani kagusa swichi?"

"Mimi, mjomba," alisema Nibaron.

"Sikukwambia usiguse?"

"Uliniambia. Hukuniambia kwa nini."

"Kwa sababu nilisema!"

"Haya, mjomba, nimekosa. Lakini sasa imeshakufa, niambie tu. Kwa nini?"

Tulisubiri. Fundi alikuna kichwa kwa bisibisi. Alimtazama nahodha, akaitazama altaneta, akanitazama mimi kana kwamba jibu nilikuwa nalo kwenye friji.

"Bwana wangu wa kazi alinipiga kofi nilipogusa swichi kama hii," alisema mwishowe, taratibu. "Nikaelewa kwamba haiguswi. Nilirithi kofi. Sababu sikurithi."

Nibaron hakucheka, na kwa hilo tunamheshimu. Alitandika gunia sitahani, akaifungua altaneta, akamwonyesha daiodi zilizoungua, vipande vidogo kama vifungo vya shati. "Altaneta inazunguka, inamimina umeme kwenye betri," alisema. "Ukikata betri ghafla, umeme hauna pa kwenda. Ni kama mtu amebeba sufuria ya uji wa moto anakuja mbio, wewe unamfungia mlango usoni. Uji unamwagikia yeye mwenyewe. Ndiyo maana kwanza unazima injini."

Fundi alikishika kimoja, akakigeuzageuza. "Kumbe yule mzee alikuwa na haki ya kunipiga," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini angenieleza habari ya uji, ningempenda zaidi."

Kuanzia siku ile mambo yalibadilika, ingawa si kwa ulaini. Nibaron alifunga altaneta nyingine, na kando yake akafunga kipimo kipya chenye mshale. Fundi alikichukia kipimo hicho kama mke mwenza. Kila asubuhi alisikiliza kwa bisibisi, akatamka hukumu yake, ndipo akageuka kutazama mshale, akitumaini kuukamata unasema uongo. Wakati huohuo alifundisha, safari hii kwa maneno: jinsi mkanda unavyolegea maji ya mto yakipoa, jinsi ya kuongeza maji ya betri kabla ya joto la Choitro, na kwamba injini isiendeshwe polepole mno siku za chanjo, maana altaneta inazunguka tu bila kuchaji. Nibaron aliuliza kwa nini kwa kila kitu. Nusu ya maswali Fundi alijibu. Nusu nyingine walifungua kitu wakatazama pamoja.

Asubuhi moja mwezi wa Falgun, unaotangulia Choitro, mshale ulilala chini. Fundi alisikiliza na kusema mkanda ni mzima, mshale ni mwongo. Nibaron hakubisha, aliubonyeza mkanda kwa dole gumba, ukabonyea kama mkeka. Fundi alisikiliza tena. Akaihamisha bisibisi sikio la kushoto, akairudisha la kulia. Kisha akaifuta bisibisi kwa kitambaa, akampa Nibaron, akapanda ngazi kwenda ofisini kuomba tarehe mwenyewe. Hatukumsukuma. Mimi nililia kidogo nyuma ya friji, na sioni haya kusema.

Hivyo tarehe 13 Aprili alisafiri nasi kwa mara ya mwisho, kama abiria. Shemeji Sobura alikuja naye kumlinda. Sharti lilikuwa moja: Fundi akae kwenye benchi la wagonjwa na asiteremke kwenye injini hata boti iungue. Kama Nibaron angeshindwa siku ile, sote tulijua litakalotokea. Fundi angerudi kazini, na sikio lililobaki lingekwisha, na Shemeji angekuwa mke wa mtu asiyeisikia sauti yake. Tulikula bisi na pilipili tukizungumzia mvua.

Adhuhuri tulilikaribia kaburi la Pir. Redio inaimba, feni zinavuma, nahodha Mokbul akanyanyua mkono. Kila jicho ndani ya boti lilimgeukia Nibaron, hata la bibi mmoja aliyekuwa amekuja kung'olewa jino. Fundi aliikalia mikono yake miwili. Shemeji aliukamata ukingo wa shati lake.

Mkono wa Nibaron uliipita swichi nyekundu, ukaenda kwenye wenzo. Injini ikakohoa, ikazimika. Kisha redio, kwa kitufe chake. Kisha feni, moja, nyingine, nyingine. Tukaelea kwa upondo chini ya lile kaburi jeupe, na katika kimya kile nilisikia friji yangu ikinguruma kidogo, ikiwa baridi, taa yake ya kijani ikiwaka. Baadhi yetu tuliomba dua. Sijui wengine waliomba nini, mimi niliombea betri.

Tulipolipita kaburi, Nibaron aliwasha. Injini ilishika mara moja. Mshale ukanyanyuka, ukasimama pale unapotakiwa, na boti nzima ikatoa pumzi. Alhamdulillahi, tulipumua! Nahodha alijifuta uso kwa kilemba chake. Bibi wa jino aliuliza kama tumegonga kitu.

"Imekamata?" Shemeji alimuuliza mumewe.

"Sijui," alisema Fundi. "Muulize Nibaron. Chai ipo?"

Alikunywa chai, akanyoosha miguu kwenye benchi, juu ya betri zake. Tuliendelea na kazi. Nilipopita baadaye na sanduku la sindano nilimkuta amelala, mdomo wazi, injini ikipiga kelele chini yake. Hatukuwahi kumwona amelala wakati Pankouri inakwenda. Shemeji alinivuta mkono, akaninong'oneza.

"Dada Lutfa, tazama alivyolala."

"Amechoka, shemeji."

"Tazama vizuri. Nyumbani hulalia sikio bovu. Lile zima huliweka juu, alisikie hata bomba la jirani likinguruma. Siku zote."

Nilitazama. Alikuwa amelibana sikio zima kwenye shali iliyokunjwa. Sikio bovu ndilo lilikuwa juu, na dunia nzima ilikuwa inalipigia kelele bure.

Ghatini walikuwa wanatungoja wenzetu wote, ngoma, vipaza sauti na mgeni rasmi mwenye hotuba. Nahodha Mokbul hakupiga honi. Alinyanyua mkono, vilevile anavyonyanyua kwa Pir, na Nibaron akazima injini, kisha redio, kisha feni. Tukaifikia ghati kwa upondo, watu wa ngoma wamebaki na vijiti hewani. Mgeni rasmi alipouliza sherehe inaanza lini, Shemeji Sobura alimjibu kutoka sitahani kwa sauti ya chini.

"Asubiri. Mimi nimesubiri miaka ishirini na saba."

Akasubiri. Sote tulisubiri, tumekaa ngazini tunakula maziwa ya mgando, na ilikuwa sherehe nzuri kuliko zote tulizowahi kumfanyia.

Fundi Tofazzal, asante kwa kila taa iliyowaka wakati mtoto anatoka, kwa kila chupa ya chanjo iliyofika ikiwa baridi, na kwa makofi pia, maana sasa tunaijua sababu yake. Betri zako zimejaa. Mkanda umekazwa. Tunakutakia maisha marefu ya kugombana na Shemeji ukimsikia kila neno, na usingizi wa mchana, kwa upande uupendao.

Lutfunnahar Mondol,
muuguzi na mlinzi wa friji, Pankouri